Jibu Bila Njia

Bwenini, 14 Mei

Mama na Baba, shikamooni.

Mimi mzima, chakula cha shule ni kile kile, na godoro langu limekubali kunizoea. Baba, soma taratibu. Ukifika kwenye hesabu usikimbie, na usiniaibishe kama mara ile ulipomsomea mama "eksi na kadogo kake kamekaa begani".

Mama, mtihani wa majaribio wa hisabati tumeumaliza. Nilikuwa naogopa kidogo, maana wanafunzi wa mwaka wa mwisho hapa wanauzungumzia kama watu wanaokwenda kung'olewa jino. Nilipofunua karatasi nikataka kucheka. Yote yale tulishayala mezani kwetu! Wenzangu hawakubahatika kupata mama aliyefundisha hisabati mpaka macho yalipozima, halafu akahamishia darasa kwenye meza ya chakula, bila kalamu wala karatasi, kila kitu kwa mdomo. Kulikuwa na bati la mraba la kukatwa pembe na kukunjwa liwe trei. Ukate kiasi gani ili trei ibebe kingi iwezekanavyo? Nikakusikia kabisa ukisema huku unamenya chungwa: "Bati la mraba, gawa upande kwa sita, basi." Upande ulikuwa ishirini na nne, nikaandika nne. Kulikuwa na akiba ya benki yenye riba juu ya riba, nikaandika jibu. Kulikuwa na mlinganyo wa kipeo cha pili, nikaandika majibu yake mawili. Nimetoka wa kwanza, wenzangu bado wanaazimana rula.

Mwambie kila mtu, mama. Najua utawaambia hata nisiposema.

Wenu,
Chiriku

UKURASA HUU NI WA BABA. USIUSOME KWA SAUTI.

Baba, nimepata sifuri.

Sikukosa hata swali moja, na hiyo ndiyo taabu yenyewe. Mwalimu wa hisabati tunamwita Rula kwa jinsi anavyotembea wima. Amesema karatasi yangu ina majibu matupu, haina hata hatua moja ya kuonyesha nilivyoyapata. Anasema mtu mwenye jibu bila njia ameliokota mahali, ama ameiba mtihani ama amechungulia kwa jirani. Amepeleka jina langu kwenye kikao cha nidhamu. Kikao kikiamua nimeiba, nitafutwa kwenye orodha ya watakaofanya hisabati katika mtihani wa mwisho, na bila hisabati chuo cha uhandisi nikiote tu usingizini.

Usimwambie mama, nakuomba. Atasema kosa limetoka mezani kwake. Meza ile ndiyo fahari yake na mimi sitaki kuivunja.


Nyumbani, 23 Mei

Chiriku wetu,

Marahaba. Anayeandika ni baba yako, maneno ni yangu. (Na unga ulio kwenye karatasi ni wangu, nimetoka tanurini sasa hivi na mikate inapoa. Baba.)

Nimewaambia. Nimemwambia mganga mkuu, nimemwambia muuguzi wa zamu, nimewaambia hata waliopiga simu hospitali kuuliza saa za kuona wagonjwa. Hata mpokea simu kama mimi ana haki ya kusema neno lake moja. (Ni kweli. Mwanamke mmoja alipiga kuulizia mume wake aliyevunjika mguu, akapewa kwanza habari za trei. Baba.)

Kugawa kwa sita, vizuri. Najua mkono wako haukutetemeka. Lakini baba yako hajanisomea umepata ngapi. Nikimuuliza anakohoa, anasema hukuandika. Chiriku gani huyu afanye mtihani halafu anyamaze kapata ngapi? Niandikie alama, nazitaka zote, nina watu wanaozisubiri.

Mama yako

(Sasa ameingia kuoga, naandika yangu haraka. Ukurasa wako nimeuruka. Aliniuliza mbona barua ina karatasi tatu na maneno ni ya mbili, nikasema maandishi yako siku hizi ni makubwa. Mwanangu, mimi ni mwoka mikate, mambo ya begani kwa eksi siyajui. Ninachojua ni kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu. Nenda kwa huyo mwalimu, mwambie "nisamehe mwalimu, sitarudia", yaishe. Radhi haimchubui mtu. Baba.)


Kwa Baba, kiwandani kwa mikate. Binafsi.
Bwenini, 1 Juni

Baba, shikamoo.

Ushauri wako nimeusoma nikaukunja vizuri. Siwezi. Nikisema "sitarudia" nitakuwa nimekiri kwamba nimewahi. Mwizi ni mwizi hata akisamehewa, na mimi si mwizi.

Jana Rula aliniita chumba cha walimu. Akaniwekea karatasi tupu mbele, akasema: "Haya, niandikie ulivyofika." Nikakaa. Baba, sikujua niandike nini! Swali nikilisoma jibu linakuwa limeshakaa, kama mgeni aliyeingia kwa mlango wa nyuma. Niandike nini kuhusu kitu ambacho nimeshakiona? Nikamwambia hivyo hivyo. Akakusanya karatasi yake, akasema nina kiburi cha kunitosha mimi na darasa zima.

Labda ninacho. Kiburi cha kujua ninachojua, sioni aibu yake.

Kikao ni tarehe kumi na tano. Mwambie mama matokeo hayajatoka.

Chiriku


Hospitali, chumba cha simu, 8 Juni

Chiriku,

Barua hii naiandika mwenyewe. Mistari ikipandana nisamehe. Nimeweka kipande cha kadibodi chini ya kila mstari na ninakisogeza kwa kidole. Baba yako hajui. Nimeandika kwa mkono wangu ili pasiwe na mtu wa kuruka ukurasa.

Baba yako ni mwongo mbaya sana, Mungu ampe afya. Mtu amesikiliza karatasi maisha yake yote, ataambiwaje tatu ni mbili? Nilisikia zikigeuka. Barua yako aliificha kwenye kopo la hamira, mahali ambapo yeye peke yake anadhani sipafikii. Nimekuja nayo kazini, muuguzi wa zamu amenisomea kuanzia "shikamooni" mpaka chini kabisa. Alipofika penye "sifuri" akataka kukunja karatasi, nikamwambia endelea, dada, sijafa.

Kwanza, nimekasirika. Si na mwalimu wako. Na ninyi wawili, kunifanya yai.

Pili, sikiliza. Usiombe radhi ya wizi. Hata wakikupigia magoti, usiiombe. Mwanangu hajaiba, na atakayesema ameiba aje aniambie mimi.

Tatu, mwalimu wako ana haki.

Rudia kuusoma mstari huo, najua umeuruka.

Mezani kwetu hatuandiki kwa sababu mimi sioni. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine. Sikukukataza kalamu kwa sababu kalamu ni ya wajinga, na nikikumbuka ulivyokuwa ukiwacheka wenzako wenye madaftari naona ulielewa hivyo. Mimi nimesimama ubaoni miaka mingi, na kazi yangu ilikuwa hatua. Jibu hata kitabu kinalo, nyuma, ukurasa wa mwisho.

Tunapovuka barabara ya sokoni wewe ndiye unanishika mkono. Unaniambia "mama, tumefika"? Hunambii hivyo. Unasema: mama, ngazi. Mama, mfereji, vuka. Simama, baiskeli inapita. Haya, sasa. Wewe ng'ambo unaiona tangu tulipotoka nyumbani, lakini unanihesabia kila kitu kwa sababu mimi siioni. Basi mwalimu wako hayumo kichwani mwako. Humo ndani yeye ndiye kipofu. Mshike mkono.

Nenda kwenye kikao, omba chaki na ubao. Kichwa juu. Na usiniletee tena alama kwa kificho, hata ziwe mbovu kiasi gani. Najivunia wewe na sifuri yako yote.

Mama yako


Bwenini, 17 Juni

Mama na Baba, shikamooni. Barua hii isomwe yote, kwa sauti, karatasi zote. Ni nne. Mama, zihesabu.

Mama, barua yako mistari mitatu ilipandana, nikaielewa hata hivyo. Nimeisoma mpaka imelainika.

Kikao kilikaa ofisini kwa mkuu wa shule. Meza ndefu, kitambaa cha kijani, ubao wa magurudumu umesogezwa dirishani. Alikuwepo mkuu mwenyewe, Rula na faili lake, na matroni wa bweni ambaye nadhani alikuja kwa sababu ya chai. Mkuu akauliza: "Uliiba mtihani?" Nikasema: "Hapana, mwalimu, sikuiba, na kwa hilo siombi radhi. Lakini nilimwacha mwalimu abahatishe nilikopita. Kwa hilo naomba radhi, naomba na chaki."

Rula akanitazama juu ya miwani. "Maneno hayagharimu kitu," akasema. Akainuka, akaniandikia bati ambalo si la mraba. Urefu nane, upana tano. Kata pembe, kunja, trei ibebe kingi iwezekanavyo.

Nilijua kwa nini kachagua hilo. La kugawa kwa sita mtu anaweza kulikariri.

Jibu nililiona, mama. Moja. Mkono ukataka kuliandika na kurudi kukaa. Nikauzuia, nikafumba macho kidogo, nikakuweka pembeni yangu na kikapu chako. Nikaanza kuandika huku nasema. Tunakata pembe kwa kipimo ambacho bado hatukijui, tukiite eksi. Urefu unabaki nane kasoro eksi mbili, kwa sababu tumekata huku na huku. Upana unabaki tano kasoro eksi mbili. Kina ni eksi yenyewe. Zidisha vyote vitatu, huo ndio ujazo. Sasa, ujazo unapanda mpaka kileleni kisha unashuka, na pale kileleni mteremko wake ni sifuri. Nikatafuta mteremko, nikauweka sawa na sifuri, ukatoka mlinganyo wa kipeo cha pili. Nikautegua. Ukanipa majibu mawili, moja, na kumi juu ya tatu.

Hapo nikakwama.

Mama, kichwani kwangu sijawahi kukutana na hilo la pili! Miaka yote nimekuwa nikiliruka bila kujua kama lipo. Nimesimama na chaki, jasho linanitoka. Rula akasema, polepole kama mtu aliyemwona samaki amegusa chambo: "Enhe. Yapo mawili. Unachukua lipi, na lile jingine lina kosa gani?" Ningesema "najua tu", ningekuwa nimekwisha.

Nikajiuliza, hapa ningemwambia nini mama? Ningemwambia: mama, hapa kuna shimo, tusipite. Nikasema: "Upana wa bati ni tano. Kumi juu ya tatu ni zaidi ya tatu. Ukikata zaidi ya tatu upande huu na zaidi ya tatu upande ule, umekata zaidi ya sita kwenye bati la tano. Bati limeisha na mkasi bado unatembea." Matroni akacheka mpaka chai ikamwagika. Mkuu naye akacheka. Rula hakucheka. Alikuja ubaoni, akafuata hatua zangu moja moja kwa kidole, kutoka juu mpaka chini, halafu akaweka tiki kubwa.

Akasema: "Hajaiba. Jina lake libaki kwenye orodha." Halafu akanigeukia: "Na sifuri yako nayo inabaki. Karatasi ile haikunionyesha kitu. Kuanzia kesho kila siku unaniletea ukurasa mmoja wenye hatua zote, na nitakapopotea njiani nitakurudisha."

Nimebandika ile karatasi ya sifuri ndani ya mlango wa kabati langu. Wenzangu wananishangaa. Mama, nilitoka ofisini kwa mkuu natembea kama nimevikwa taji.

Chiriku

(Baba, hamira ina matumizi mengi kumbe.)


Nyumbani kwa shangazi, 9 Novemba

Mama na Baba, shikamooni.

Mtihani wa mwisho umekwisha. Nimefika salama kwa shangazi, pacha wake wanalia kwa zamu kama walinzi, na nitabaki kumsaidia mpaka wapate akili. Shangazi anasema nipige simu, nikamwambia mama akitoka kazini hataki hata kuusikia mlio wake. Kwa hiyo naandika huku nabembeleza mmoja kwa mguu.

Mama, nimefanya kama tulivyokubaliana. Nilisoma maswali yote kwanza, na majibu yakaja, karibu yote, kama zamani. Nikayaacha yasubiri. Halafu nikashika kalamu nikaanza kumvusha barabara mtu ambaye sitamjua kamwe, msahihishaji wa huko anakokaa. Ngazi, mfereji, baiskeli. Aljebra nikaivuka, riba nikaivuka, kalkulasi nikaivuka, na kwenye grafu nikaandika mpaka kwa nini haigusi mstari wa chini. Wasichana wa mbele yangu walikuwa wameshatoka. Mimi nikawa wa mwisho ukumbini, nilivyokuwa wa kwanza mara ile.

Swali la mwisho lilikuwa la uwezekano. Nalo nililijua tangu naligusa. Nikaanza hatua. Mama, nilikuwa nimebakiza hatua moja, moja tu, kengele ikalia. Ningeweza kuchomeka jibu pale chini kabla msimamizi hajanifikia. Sikulichomeka. Nilitaka lije kwa miguu yake. Karatasi ikachukuliwa hivyo hivyo.

Shangazi anasema ni ujinga. Mimi nimelala vizuri.

Haya, kama mezani. Sanduku lina balbu nane, tano nzima na tatu zimeungua, kwa kuzitazama huwezi kuzitofautisha. Unatoa moja bila kuchagua, unaiweka kando bila kuijaribu. Unatoa ya pili, unaijaribu, inawaka. Uwezekano kwamba ile ya kwanza uliyoiweka kando nayo ni nzima ni kiasi gani?

Sikuambii jibu langu.

Chiriku


Nyumbani, 20 Novemba

Chiriku wangu,

Anaandika baba yako. (Tena naandika vizuri siku hizi, hilo hakulisema. Nimejifunza kale ka begani kanaitwa kipeo. Baba.)

Wewe mtoto una wazimu! Nani alikwambia usiandike jibu? Nilisema onyesha njia, sikusema ukifika mlangoni ugeuke. Ungeliandika pembeni, ungelizungushia duara, hata kwa damu. Alama moja ni alama. Nimeligomba sana jambo hili, baba yako ni shahidi. (Amegomba huku anatabasamu. Baba.) Nyamaza, andika ninayosema.

Kuhusu balbu, mimi hazinihusu, zote kwangu zimeungua, lakini jibu nimelipata kabla baba yako hajamaliza kusoma. Ya kwanza ilipotoka, sandukuni zilikuwemo nane, nzima tano. Basi ni tano juu ya nane. Ya pili hata iwake kama jua haiwezi kurudi nyuma kuibadilisha ile iliyokwisha kutoka. Maji yakimwagika hayazoleki. Ni mtego wa watunga mitihani, wanataka uchanganyikiwe. Natumaini hukuchanganyikiwa.

Tano juu ya nane. Niandikie tu "ndiyo mama".

Mama yako


Nyumbani kwa shangazi, 2 Desemba

Mama, shikamoo. Baba, shikamoo.

Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana. Shangazi ameniuliza kama namwandikia mchumba.

Mama, siwezi kuandika "ndiyo mama". Umekosea.

Nimeandika. Tangu nizaliwe sijawahi kukwambia neno hilo na sijawahi kusikia mtu akikwambia. Kwa hiyo sitalisema peke yake nikalikimbia. Baba, soma hatua kwa hatua, na mama akisema simama, simama.

Hatua ya kwanza. Zote mbili kuwa nzima: ya kwanza ni tano juu ya nane, na ikitoka nzima zinabaki saba, nzima nne, kwa hiyo ya pili ni nne juu ya saba. Zidisha. Ni ishirini juu ya hamsini na sita.

Hatua ya pili. Ya kwanza kuwa imeungua na ya pili nzima: tatu juu ya nane, mara tano juu ya saba. Ni kumi na tano juu ya hamsini na sita.

Hatua ya tatu. Hakuna njia ya tatu ya kuiona ya pili ikiwaka. Ni hizo mbili tu, jumla thelathini na tano juu ya hamsini na sita. Na sisi tumeiona ikiwaka. Kwa hiyo tumo ndani ya hizo thelathini na tano, zilizobaki hazituhusu tena.

Hatua ya nne. Katika hizo thelathini na tano, zile ambazo balbu ya kwanza ni nzima ni ishirini. Ishirini juu ya thelathini na tano. Nne juu ya saba.

Ni kweli ya pili hairudi nyuma kuibadilisha ya kwanza. Inabadilisha tunachokijua kuhusu ya kwanza. Nzima moja unayo mkononi, mama, inawaka. Ile ya kando haiwezi kuwa hiyo. Ni mojawapo ya saba nyingine, na katika hizo saba nzima ni nne.

Nisamehe. Hapana, sikuiba, siombi radhi. Lakini nisamehe.

Chiriku


Nyumbani, 18 Januari

Chiriku, mwanangu,

Leo naandika yangu mwenyewe. Mama yako ameniambia niandike nilichoona, na nisitie chumvi. Unga siwezi kuuzuia.

Barua yako ya Desemba nilimsomea mpaka penye "umekosea". Akasema: "Funga." Nikafunga. Nikamwambia kuna hatua nne chini hapo, akasema hatua ni za mtu anayesafiri na yeye hasafiri. Mwanangu, tangu siku hiyo nimeishi humu ndani kama mpangaji aliyechelewesha kodi. Chumvi napewa nikiomba. Barua ikakaa mezani, akifuta meza anaizunguka, haigusi wala haitupi. Ndiyo maana hukujibiwa. Usidhani posta.

Jana matokeo yametoka. Mkuu wa shule yako alipiga simu hospitali kumtafuta, na aliyeipokea ni yeye mwenyewe. Muuguzi wa zamu ameniambia yote. Alisema "Hospitali, karibu", halafu akasimama na waya wa simu ukasimama naye. A, mwanangu! A ya hisabati, na ile hatua uliyoacha njiani haikukudhuru. Mkuu akasema Rula alikuwa pembeni yake anafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Wagonjwa wa siku hiyo waliopiga simu walisubiri kidogo.

Aliporudi nyumbani nilidhani atacheza. Alikaa mezani, akavua viatu, akasema: "Lete ile barua."

Nikasoma. Nimesoma bila kukosea, na kipeo kingekuwepo ningekisoma. Hatua ya kwanza akaitikia kwa kichwa, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu akasema: "Rudia." Nikarudia. "Rudia tena." Akaomba mikate midogo minane, nikamletea. Akaigusa yote, akang'oa ncha za mitatu ili aitambue, akaichanganya kwenye ungo. Akatoa mmoja akauweka kando bila kuupapasa. Akatoa wa pili, akaupapasa, mzima. Akakaa nao mkononi. Akarudisha, akatoa tena. Nilimwacha, hata kukohoa niliogopa. Mwisho akaninyooshea ule mzima, akasema taratibu: "Huu ninao mimi. Kwa hiyo ule si huu." Nikasema ndivyo alivyoandika. Akasema: "Nne juu ya saba."

Halafu akacheka. Chiriku, nimemwoa mama yako akiwa anaona, nikaishi naye macho yalipozima, kicheko kile sikukijua kama anacho. Akainuka bila viatu, akaupapasa mlango, akatoka nje mpaka barabarani. Majirani walikuwa wameshasikia habari za A, wakaja mbio kumpongeza, huyu anamshika mkono, huyu anapiga vigelegele. Akawasukuma wote. "A ni ya karatasi!" anasema. "Karatasi hata mwingine atapata. Mimi mwanangu kanishinda! Kanishinda mimi, na kanionyesha nilipopotea, hatua kwa hatua!" Analia, anacheka, ameshika mkate mzima mkononi.

Fundi seremala wa jirani akaniangalia mimi, akamwangalia yeye, akauliza: "Sasa mama, kushindwa ndiko kunakufurahisha hivi?"

Mama yako akamgeukia pale sauti ilipotokea. Akamwambia: "Wewe hujawahi kushindwa na mwanao. Vumilia, Mungu atakujalia."

Baba yako